Saa 25 na Dakika 39: Hesabu ya Rekodi Haramu za Kuvuka Marekani kwa Gari

Gari la muguka, majani mabichi ya kutafuna, linapoingia Malindi alfajiri baada ya kukesha barabarani kutoka Embu, wanaolisubiri huuliza mambo mawili: liliondoka saa ngapi, na njiani lilikuwa likipiga ngapi. Majani hayo hupoteza bei kadiri yanavyonyauka, na kila aliye kwenye biashara hiyo, kuanzia mkulima hadi muuzaji wa kibandani, anajua kwamba kuchelewa kwa saa moja ni hasara. Dereva wake, tumlaumu tusimlaumu, ana sababu ya kukanyaga mafuta. Wapo madereva wengine, mbali sana na pwani yetu, ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakivuka bara zima usiku na mchana bila mzigo unaoharibika, bila mgonjwa anayewahishwa hospitali na bila zawadi ya maana mwisho wa safari. Wanachotafuta ni idadi ya saa iliyo ndogo kuliko ya mtu aliyewatangulia.

Njia yao inajulikana. Huanzia gereji iitwayo Red Ball, katika kisiwa cha Manhattan jijini New York, na kuishia kwenye hoteli ya Portofino huko Redondo Beach, California, upande wa pili wa Marekani. Ni takriban kilomita 4,500, yaani zaidi ya mara tisa ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2020 Arne Toman na Doug Tabbutt waliikamilisha kwa saa 25 na dakika 39. Ukiigawanya safari hiyo kwa muda huo, pamoja na kila dakika ya kusimama, utapata mwendo wa wastani wa kama kilomita 175 kwa saa, ilhali hakuna barabara ya umma katika njia hiyo inayomruhusu mtu kuvuka kilomita 130. Kwa hiyo kuvunja sheria si dosari iliyojipenyeza katika rekodi hizi, kwani anayetii vibao vya barabarani hawezi hata kuzikaribia.

Kati ya maswali mawili ya wanaosubiri muguka, la pili ndilo linalonogesha baraza, lakini la kwanza ndilo lenye maana. Kiwango cha juu ambacho mshale wa dashibodi ulikifikia kwa dakika chache hakisemi mengi kuhusu safari nzima. Kinachoamua ni mwendo wa wastani, nao humwadhibu aliyepoteza muda kwa ukali zaidi ya unavyomtuza aliyeongeza kasi. Tuchukue safari ya Malindi hadi Mombasa, ambayo ni kama kilomita 120, Kilifi ikiwa karibu katikati yake. Dereva akienda kilomita 120 kwa saa hadi Kilifi, kisha matuta na foleni ya Mtwapa zikamlazimisha kwenda 60 kwa nusu iliyobaki, wengi watasema wastani wake ni 90. Sivyo. Nusu ya kwanza imemchukua dakika 30 na ya pili dakika 60, jumla saa moja na nusu, na wastani wake ni 80. Sasa tuseme anataka wastani wa 100, yaani afike kwa dakika 72. Ikiwa nusu ya pili itabaki kuwa dakika 60, basi nusu ya kwanza inambidi aimalize kwa dakika 12, na huo ni mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Na akisimama Kilifi robo saa kununua maji na korosho, lengo lake limekwisha kufa, hata apewe chombo gani, kwa sababu dakika 75 zimeshatumika kabla nusu ya kwanza haijahesabiwa.

Mzigo unaoendelea hadi Lamu unalionyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Lami inaishia gatini Mokowe, magunia yanashushwa, na kisha yanasubiri boti. Dakika zote zilizoporwa kati ya Garsen na Witu zinaweza kupotea hapo kwa sababu tu nahodha hajapata abiria wa kutosha.

Ndiyo maana anayetaka kuivuka Marekani kwa rekodi huanza na tangi la mafuta kabla ya kufikiria injini. Kusimama dakika kumi, kwa wastani wa kilomita 175 kwa saa, ni sawa na kuachwa nyuma kilomita 29. Mercedes CL55 ambayo Ed Bolian na wenzake waliiendesha mwaka 2013 ilikuwa imeongezewa matangi mawili, jumla ya mafuta ikafika karibu lita 250, na mwaka 2019 Toman na Tabbutt, wakiwa na mtu wa tatu ndani ya Mercedes E63, walivuka nchi nzima huku muda wao wote wa kusimama ukiwa chini ya nusu saa. Madereva hupokezana, chakula huliwa garini, na haja ndogo nayo humalizwa humohumo, jambo ambalo masimulizi ya kishujaa hulipita mbio. Hesabu nyingine inayowabana ni ya upepo. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 200 injini inalazimika kutoa karibu maradufu ya nguvu hiyo, na mafuta yanayoteketea dhidi ya upepo kwa kila kilomita huongezeka kwa zaidi ya nusu. Anayekimbia zaidi humaliza tangi mapema, na akimaliza tangi husimama. Hivyo timu yenye gari la kufikia kilomita 300 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya safari ikienda chini sana ya hapo, ikitafuta mwendo ambao faida ya kasi haijaliwa na foleni ya petroli.

Mambo hayakuanza na uharamu. Mwaka 1903 daktari Horatio Nelson Jackson aliweka dau la dola 50 kwamba gari linaweza kuivuka Marekani, akatoka San Francisco na fundi wake, Sewall Crocker, pamoja na mbwa waliyempata njiani, wakafika New York baada ya siku 63. Nchi ilikuwa karibu haina barabara, na ushindi wao ulikuwa ni kufika tu. Baadaye Erwin Baker, aliyeitwa Cannon Ball, alifanya kazi ya kuvuka nchi kwa magari na pikipiki ili kampuni zilizoyatengeneza zijitangaze, na mwaka 1933 alitumia saa 53 na nusu kutoka New York hadi Los Angeles. Muda huo ulidumu karibu miaka 40. Katika kipindi hicho serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1956, ilianza kujenga mtandao wa barabara kuu zenye njia zilizotenganishwa, zisizo na makutano wala waenda kwa miguu.

Juu ya mtandao huo ndipo Brock Yates, mwandishi wa jarida la magari la Car and Driver, alipoanzisha mashindano mwaka 1971 na kuyapa jina la Baker. Mwezi Mei alijaribu njia kwa gari aina ya van, akatumia saa 40 na dakika 51. Mwezi Novemba alirudi na Ferrari pamoja na Dan Gurney, aliyekuwa ameshinda mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1967, wakatumia saa 35 na dakika 54. Hoja ya Yates ilikuwa kwamba dereva hodari kwenye gari zuri na barabara nzuri hahitaji serikali imwamulie mwendo. Hoja hiyo ilipata nguvu isiyotarajiwa mwaka 1974, pale msukosuko wa mafuta ulipoifanya Marekani iweke kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89, nchi nzima. Kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu ya petroli kwanza na usalama baadaye, na Wamarekani wengi walikichukia. Mashindano ya mwaka 1975 na 1979 yakawa na sura ya mgomo wa madereva, na katika yale ya mwisho Jaguar moja ilifika kwa saa 32 na dakika 51. Yates aliyakomesha baada ya hapo. Mwaka 1983, katika mashindano mengine ya kurithi njia hiyo, David Diem na Doug Turner walishuka hadi saa 32 na dakika 7. Kikomo cha maili 55 kilifutwa mwaka 1995, na pamoja nacho ikaondoka sababu ya kisiasa ya kukimbia. Kukimbia kwenyewe hakukuondoka, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoja ya uhuru ilipoanza kupwaya.

Rekodi ya mwaka 1983 haikuvunjwa hadi mwaka 2006, pale Alex Roy na David Maher walipotumia BMW M5 kwa saa 31 na dakika 4. Bolian na wenzake wakafika saa 28 na dakika 50 mwaka 2013, na kundi la Toman saa 27 na dakika 25 mwaka 2019. Magari yalikuwa yameboreka, lakini zaidi ya hapo yaliboreka macho. Katika miaka ya 1970 dereva alitegemea redio za madereva wa malori kujua askari wako wapi, na hila zilikuwa za kibinadamu: mwaka 1979 Yates mwenyewe alisafiri ndani ya gari lililopakwa rangi za ambulansi, mkewe akilazwa kama mgonjwa. Roy alikuwa na ndege ndogo iliyomtangulia sehemu ya njia ili kuchungulia polisi kutoka angani. Walioendelea kutoka hapo wana vinasa vya rada na leza, skana za redio za polisi, darubini zisizotikisika, kamera za kuona joto la mwili wa mnyama au askari gizani, programu za simu ambamo madereva wengine huripoti vizuizi, na marafiki waliotawanyika njiani wakitangulia mbele kutazama kulivyo. Toman na Tabbutt, kwa rekodi yao ya mwaka 2020, waliivisha Audi S6 sura ya gari la Ford linalofanana na la polisi ili madereva wengine wawapishe na askari wasiwatilie shaka.

Nani basi huthibitisha? Hakuna chombo rasmi. Guinness haipokei rekodi za mwendo kwenye barabara za umma, wala hakuna shirikisho la michezo linaloweza kutia sahihi kosa la jinai. Kinachobaki ni ushahidi unaokusanywa na wahusika wenyewe: kumbukumbu za setilaiti zinazoonyesha mahali na saa kwa kila sekunde, risiti za petroli, video, mashahidi wa kuondoka na kufika, kisha hukumu ya watu wachache waliowahi kufanya hivyo wao wenyewe. Ni jamii ndogo inayojihakiki, yenye ukali wake, kwa kuwa kila mwenye rekodi ana hamu ya kuliona dai la mpinzani likiporomoka.

Hapa msomaji atauliza, kama ilivyo haki yake, kwa nini watu wanaotangaza hadharani kwamba walivunja sheria katika majimbo zaidi ya kumi hawakamatwi. Jibu liko katika muundo wa sheria za Marekani. Kosa la mwendo hushughulikiwa na jimbo lilikotendeka, na mwendesha mashtaka wa Ohio au Missouri anahitaji kuthibitisha kwamba mtu fulani, mahali fulani, saa fulani, alizidisha mwendo. Wastani wa bara zima haumwonyeshi dereva alikuwa nani alipopita wilayani kwake. Makosa madogo pia yana ukomo wa muda wa kushtakiwa. Roy alikaa karibu mwaka mzima kabla ya kutangaza safari yake, na ukimya wa namna hiyo umekuwa sehemu ya desturi. Hiyo haina maana kwamba wako salama barabarani: anayekutwa papo hapo kwa mwendo huo, katika majimbo mengi, hashtakiwi kwa kuzidisha mwendo peke yake bali kwa kuendesha ovyo, kosa linaloweza kumfikisha jela.

Mwaka 2020 ulivuruga hesabu zote. Maradhi ya korona yalipofunga miji, barabara zilibaki tupu, na ndani ya miezi michache rekodi ilivunjwa tena na tena. Mtu mmoja aliivuka nchi peke yake ndani ya Ford Mustang ya kukodi kwa saa 25 na dakika 55. Baadhi ya wakongwe wa mchezo huo walinung'unika kwamba muda uliopatikana kwenye barabara isiyo na watu haulingani na uliopatikana katikati ya magari, na malalamiko hayo yanafichua zaidi ya walivyokusudia, kwa maana yanakiri kwamba watu wengine barabarani ndio ugumu wenyewe wa mchezo. Isitoshe, utupu ule haukuwa usalama. Mwaka huohuo kilomita zilizoendeshwa Marekani zilipungua, lakini waliokufa barabarani walizidi 38,000, wengi kuliko mwaka 2019. Waliobaki njiani walikuwa wakienda kasi zaidi.

Watetezi hujibu kwamba katika miaka yote hiyo safari za kutoka New York hadi California hazijaua watu wa pembeni. Tuseme ni hivyo. Safari za rekodi ni chache mno kiasi kwamba kutokuwepo kwa maafa hakuthibitishi kitu, na tukitazama jirani tunapata mfano ulio wazi. Mei 2007, katika msafara wa magari ya kifahari uitwao Gumball 3000, ambao waandaaji wake hawakuuita mashindano, Porsche moja ililigonga gari dogo huko Masedonia, na mume na mke wazee waliokuwa ndani ya gari hilo dogo wakafa. Hawakuwa wamejiandikisha popote.

Sababu ya hali hiyo ni fizikia ya kawaida. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kugusa breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa limekwenda mita 33 kabla breki hazijashika, na kwenye lami kavu litasimama baada ya kama mita 70 kwa jumla. Kwa kilomita 180 kwa saa, mita za mwanzo ni 75, na jumla inapita 250, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu. Taa za kawaida usiku hazimuliki mbali hivyo. Hatari nyingine ni ya yule anayepitwa. Mtu anayeendesha kilomita 110 kwa saa akitazama kioo na kuona gari lililo mita 400 nyuma yake, ataamini kwa haki kabisa kwamba ana nafasi ya kuhama njia. Gari hilo likiwa linakuja kwa 200, litakuwa juu yake baada ya sekunde 16. Ametazama kioo, amewasha taa ya kuashiria, hajakosea popote, na bado amewekwa katika hatari na mtu ambaye mahesabu yake yote ya mwendo wa wastani yamejengwa juu ya imani kwamba yeye hatahama njia.

Na hizo ni barabara zisizo na waenda kwa miguu. Kati ya Gede na Matsangoni, asubuhi moja tu ya siku ya shule, ukingo wa lami hubeba watoto wenye mabegi, bodaboda zenye abiria wawili, mkokoteni wa maji na mbuzi wasiojua kibao. Ndiyo mantiki ya kanuni zilizokuja hapa nchini mwaka 2003 na kutekelezwa mwaka uliofuata wakati wa waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoyawekea magari ya abiria kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na ndiyo mantiki ya kikomo cha 50 mijini. Tukirudi kwenye hesabu ya awali, anayeshikilia 100 badala ya 80 kutoka Malindi hadi Mombasa, ikiwa njia ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, huokoa dakika 18. Njia nyeupe kupita Mtwapa, wapwani wenzangu, mnaijua ninyi.

Kenya nayo iliwahi kukimbiza magari kwenye barabara za umma, na kwa kibali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi barabara hazikufungwa: gari la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, lilipita palepale penye mabasi, ng'ombe na wenye baiskeli. Timu kubwa baadaye zilitumia helikopta kutangulia na kumwonya dereva juu ya kilicho mbele, kama ndege ya Roy ilivyofanya, isipokuwa kwamba helikopta iliwatafuta watu na mifugo ili waepushwe, na ndege iliwatafuta polisi. Watu waliokaa kando ya njia walijua siku na saa, kwa kuwa ilitangazwa redioni na watoto walijipanga kuitazama. Hata hivyo hatari ile haikuvumilika milele. Safari iliondoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021 ilikuwa imehamia Naivasha, kwenye vipande vilivyofungwa kwa umma. Kati ya kipande kimoja na kingine madereva hupita barabara za kawaida pamoja na malori na matatu, na hapo dereva aliyetoka kukimbia kwa kilomita 180 kwa saa dakika chache zilizopita hufuata vibao kama mtu mwingine yeyote, na akizidisha mwendo hutozwa faini.